Misa kwa Afya ya Shefu Wangu

Kama uko kitandani sasa hivi, mguu umefungwa jiwe, na mtu wa kazini kwako amekuja kukupa pole huku macho yake yanatafuta kitu kingine, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Wengine watakuambia usamehe kwanza ndipo upone. Mimi sikusamehe, na daktari aliponipiga picha ya mwisho alikuta mfupa umeshikana vizuri kabisa.

Naitwa Mama Neema, wa mtaa wa Nyalukemba, hapa Bukavu. Ni mtumishi wa serikali wa miaka mingi. Biro yetu, ofisi yetu ya kazi, iko katika nyumba ya zamani iliyojengwa na Wabelgiji, na juu yake kuna dari ya mbao tunakorundika dosye, yale mafaili ya zamani. Ngazi ya kupandia huko ilikuwa imeoza, wala hakuna ambaye hakujua. Mimi mwenyewe nilimwambia shefu wetu, Papa Anselme, mbele ya watu wote wa biro.

"Papa Anselme, ile ngazi siku moja itaua muntu."

"Maman, ile ngazi iko pale mbele sisi wote tuzaliwe. Haijaua muntu."

Mvua zilikuwa ndiyo zimeanza kurudi. Siku hiyo alikuwa anangoja wageni wakubwa, akataka dosye fulani ya zamani ili aonekane mtu wa mpango. Wenzangu walikuwa wametoka kula. Akanituma mimi. Nikamkumbusha habari ya ngazi. Akaniangalia kutoka juu hadi chini, akacheka, akasema labda shida si ngazi, labda shida ni kilo zangu. Nilipanda na hasira yangu. Yeye hata kwenye kiti hakuinuka.

Mbao ilikatika nikiwa karibu kufika. Nilijikuta chini kwenye simenti, nakiangalia kiatu changu kimeelekea upande ambao mguu wa mtu hauelekei. Sikulia mara moja. Papa Anselme alitoka, akasimama mlangoni, kalamu bado iko mkononi.

"Maman, ulipashwa kupanda polepole," akasema.

Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika, na kifundo cha mguu pia. Hospitalini walinilaza kwenye korido ya wapiga picha za mifupa, juu ya kitanda cha magurudumu ambacho gurudumu moja lilikataa kuzunguka. Nilingoja hapo mchana kutwa. Ukilala chali kwenye korido unawaona watu kutoka chini, unaona videvu na matundu ya pua, na kila anayepita anakuangalia haraka kisha anaangalia ukuta. Mama mmoja tu, mfagiaji wa pale, ndiye aliyesimama. Akakunja kitenge chake cha pili akaniwekea chini ya kichwa, na hakurudi kukichukua mpaka kesho yake. Hata jina lake sikulijua siku ile, ila kitenge hicho nakikumbuka maua yake.

Walipitisha chuma kwenye goti langu, wakafunga kamba, na mwisho wa kamba wakaning'iniza jiwe. Jiwe la kweli, la mto, lenye alama ya rangi ya buluu upande mmoja. Kazi yake ilikuwa kuuvuta mfupa unyooke. Nililala chali na jiwe hilo tangu mvua za kwanza mpaka watu walipoanza kuimba nyimbo za Noeli. Usiogope jiwe. Kinachotesa zaidi ni mgongo, na visigino, na ile aibu ya kuwekewa besani mchana watu wakipita. Aibu inachoka upesi kuliko unavyofikiri. Mgongo hauchoki, kwa hiyo mwombe mtu akusugue mafuta kila siku, hata kama anakunja uso.

Mtu wangu alikuwa mume wangu, Papa Neema. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole, asiyependa maneno. Alikuwa anatoka darasani na chaki kwenye mikono, anakuja na sufuria, ananilisha, ananigeuza, anamwaga besani. Nyumbani dada yake, Tantine Béa, alikuja kusaidia kupika, na kabla ya mwezi kwisha jiko likawa lake. Masufuria yangu akayahamisha. Akimtembelea jirani anasema kaka yake amekuwa mfanyakazi wa ndani. Mume wangu alinyamaza, mimi nikakasirika kwamba ananyamaza, naye akakasirika kwamba ninakasirika. Tulikaa siku nyingi tunazungumzia chumvi ya mboga ya sombe tu, kwa sababu mengine yote yaliuma.

Kwenye kitanda cha jirani alilala Mama Sifa, mke wa mchimba dhahabu kutoka Shabunda. Nyonga yake ilivunjika alipoanguka na bidoni, dumu la mawese, mgongoni. Hakuwa na mtu wa kumletea chakula, basi tulikula sufuria moja. Naye mikono yake ilikuwa mizima, akanisuka nywele kila zilipofumuka, akijinyoosha kutoka kitanda chake hadi changu mpaka manesi wanampigia kelele. Nywele zenyewe zilikuwa zinakatika kwa dawa. Alizisuka hivyo hivyo, chache zilizobaki.

Sasa sikiliza habari ya shirika. Shirika ni ile jumuiya ndogo ya Wakristo wa mtaa, na letu la Nyalukemba halijawahi kumwacha mgonjwa bila kumtembelea. Na prezida wa shirika letu ni Papa Anselme huyo huyo. Kazini ni shefu wangu, mtaani ni prezida wangu. Wakaja siku moja, watu wengi, wamevaa vizuri. Papa Anselme akaongoza sala kwa sauti ya kupendeza, akamwomba Mungu amwangalie huyu dada yetu aliyepatwa na ajali. Alisema ajali. Hakusema ngazi. Watu wakajibu Amina. Wakati wa kuondoka akarudi peke yake, akainama karibu na sikio langu. Nilidhani sasa ataniomba radhi.

"Mama Neema," akanong'ona, "ufunguo ya ile kabati ya nyuma uliweka wapi?"

Nikamwambia ulipo. Nilikuwa nimefungwa jiwe, ningefanya nini? Lakini alipotoka nilimwambia Mama Sifa, huyu mtu nikisimama tena kwa miguu yangu atanijua.

Nikueleze kwa nini hasira yangu ilikuwa na mizizi ya zamani. Binti yangu wa kwanza, Neema, ameolewa Sange, kule kwenye tambarare ya Ruzizi. Alipobeba mimba yake ya kwanza niliomba konje, ile likizo yangu ya mwaka, niende kumpokea mtoto. Kwetu mama ndiye anayemshika binti yake mgongo kwenye uzazi wa kwanza, ndiye anayemuogesha, ndiye anayemkanda. Papa Anselme akakataa. Eti serivisi inanihitaji, konje yangu nitaikamata mwaka unaofuata pamoja na nyingine. Neema akazaa bila mimi, mtoto akatoka hapumui. Simu yake ilinikuta mezani kwangu, biro, napiga muhuri kwenye makaratasi ambayo nina hakika hakuna aliyeyasoma.

Kwa hiyo ile konje ya mwaka ule niliitunza, na ya mwaka uliofuata nikaijumlisha juu yake. Sikuomba hata siku moja ya mapumziko. Nilikuwa namngojea mtoto mwingine wa Neema.

Baada ya Noeli walinipasua, wakaweka chuma ndani ya paja. Kisha wakafunga plasta mpya, ile ngumu ya jasi, kwenye kifundo. Chini ya plasta ngozi inawasha mpaka unataka kuilia, na usiingize kijiti cha kujikunia, mimi niliingiza nikapata kidonda. Plasta ilitoka karibu na Pasaka. Mguu niliouona haukuwa wangu. Ulikuwa mwembamba, mkavu, ngozi inabanduka, nao umekuwa mfupi kuliko mwenzake. Fundi viatu wa karibu na soko aliniongezea soli kwenye kiatu cha kulia, na siku nilipokivaa nilitembea chumbani huku nimeshika ukuta, mume wangu ananifuata nyuma amefungua mikono. Alikuwa analia kimyakimya, nami nilijifanya sijaona.

Pasaka hiyo hiyo Neema akapiga simu. Ana mimba.

"Mama, mara hii utakuja?"

"Nitakuja."

"Usiseme tu juu ya kunifurahisha."

"Neema, nitakuja hata kwa kutambaa."

Mtu wa kine, yule kijana wa hospitali anayefundisha miguu kutembea tena, naye alikuwa ananiambia neno lilelile kwa njia yake. Nilikuwa napanda kwake kila wiki, nangoja kwenye benchi na wengine wenye magongo, kisha ananipindisha goti mpaka machozi yanatoka. "Maman," akasema, "ule muguu yako inaomba barabara sawasawa. Hapa Bukavu unapanda, unashuka, unapanda. Utafute fasi ya tambarare, ukae kule kidogo." Nikacheka. Nikamwambia tambarare ninayo, na mjukuu wangu yuko njiani anakuja huko huko.

Nilirudi kazini kiangazi kilipoanza, na gongo langu. Ngazi ya dari walikuwa wameiondoa, shimo limezibwa kwa kartoni. Nikaomba konje zangu zote mbili, nianze kuelekea mwisho wa mimba ya Neema. Papa Anselme aliniacha nimesimama.

"Konje gani tena, maman? Konje yako uliikulia ku kitanda ya hospitali."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Miezi yote niliyolala na jiwe alikuwa ameihesabu kuwa mapumziko yangu. Konje ya mwaka ule, imekwisha. Ya mwaka huu, imekwisha. Mwenzangu mmoja alikuwa ameniambia kwamba ajali ya kazini hailiwi kwenye konje ya mtu, sheria inakataza. Nikamwambia hivyo.

"Sheria iko Kinshasa," akasema. "Hapa kuko mimi."

Nilichukia. Siwezi kulipamba neno hili. Nilimchukia mtu huyu nikiamka, nilimchukia nikinawa uso, na kila goti liliponiuma nilimtaja kwa jina. Ningeondoka bila ruhusa angeandika kwamba nimetoroka kazi, na nyumba yetu haiwezi kula chaki za Papa Neema. Mume wangu akaniambia niache. Akasema tumshukuru Mungu ninatembea. Akasema Papa Anselme ni prezida wa shirika, tunakutana naye kila wiki, tusilete vita mtaani. Nikamwambia vita ilikuja yenyewe, ikanikuta juu ya ngazi.

"Umekuwa muntu mwengine," akasema.

"Ndiyo. Yule wa kwanza alivunjika."

Tulilala tumepeana migongo siku nyingi baada ya hapo. Tantine Béa aliona, akaanza kupika chakula kizuri mno. Nilijua anafurahi.

Sasa nifike kwenye dawa yangu. Katika parokia yetu, mtu akitaka misa iombewe nia fulani, anakwenda kwa sekretari wa parokia katikati ya wiki, anaandikisha, anatoa sadaka yake. Jumapili, kabla ya misa, msomaji anasimama na kusoma nia zote kwa sauti: marehemu fulani, familia fulani inashukuru, mgonjwa fulani anaombewa. Mahubiri watu wanaweza kusinzia. Nia za misa hakuna anayesinzia, maana hapo ndipo unapojua nani amekufa, nani amefaulu na nani anaumwa.

Nilikwenda kuandikisha misa ya shukrani kwa ajili ya mguu wangu. Nikiwa hapo, nimekaa mbele ya sekretari, wazo likanijia lenyewe. Haki ya Mungu sikuwa nimelipanga.

"Uandike na ingine," nikasema. "Kumuombea Papa Anselme wa Nyalukemba. Afya ya mwili na ya roho."

Sekretari akainua kichwa. "Papa Anselme eko mugonjwa?"

"Mungu njo anajua," nikajibu, nikatia huzuni kidogo usoni.

Sikusema uwongo. Mungu ndiye anayejua, na roho yake ilikuwa inahitaji daktari kweli. Nilichotaka ni kumchoma tu, asikie jina lake pale mbele akiwa amekaa kwenye benchi lake la kwanza, ajiulize nani na kwa nini. Ila nilikuwa nimesahau jinsi watu wa kwetu walivyo. Mtu mzima, mwenye cheo, anasomewa nia ya afya kanisani wakati hajalazwa wala hajakohoa? Kwao maana yake ni moja tu: ule ugonjwa ambao hautajwi.

Jumapili hiyo, baada ya misa, nilikaa kwenye kivuli cha ukuta na gongo langu nikaangalia. Walikuwa wanamsalimia kwa mikono miwili. Wanamwongelesha polepole. Mama mmoja alimshika mkono hakuuachia. Yeye anasema yuko mzima, wao wanatikisa kichwa, wanasema ndiyo papa, ndiyo, jipe moyo.

Wiki ile nikarudi kwa sekretari. Na wiki iliyofuata. Na nyingine baada yake.

Shirika likafanya kazi yake. Walikwenda nyumbani kwake kwa zamu, na sambaza, visamaki vya ziwani vilivyokaangwa, na ndizi, na maji ya matunda, na wimbo wa kumtia nguvu mgonjwa ambao prezida mwenyewe aliuchagua zamani. Na mimi nilikwenda nao. Nilikaa sebuleni kwake mguu wangu nimeunyoosha mbele, nikaimba sauti ya pili. Mke wake alikuwa ameamini kuliko wote, maana alidhani mume anamficha. Alianza kumnywesha mubirizi, yale majani machungu ambayo hata mbuzi huyatema. Akikataa, mke analia. Akinywa, uso unakunjamana, na wageni wanaangaliana.

Kazini ikawa hivyo hivyo. Wenzangu wawili waliokuwa wanakitamani kiti chake tangu zamani walianza kuvaa kravati shingoni. Wakaonekana kwenye korido ya mkubwa wa divisheni, Maman Georgette, wanapita pita. Mwishowe Maman Georgette akamwita Papa Anselme, akamwambia kwa upole apumzike, wataweka mtu wa muda mahali pake. Alitoka huko jasho linamtiririka. Kadiri anavyotokwa jasho, ndivyo watu wanavyomsogezea kiti.

Alikuja kwetu siku moja alasiri, mvua inanyesha, kiangazi kimekwisha. Mume wangu alimpokea, akampa taulo. Mimi sikuinuka. Nilikuwa na sababu ya kutoinuka, na sababu hiyo ililala mbele yake juu ya kistuli, imevimba.

"Mama Neema, uache."

"Niache nini, papa?"

"Unajua. Ile misa. Sekretari aliniambia ni weye."

"Kumuombea muntu afya, sasa ni mubaya?"

"Lakini mi siko mugonjwa."

"Tumushukuru Mungu," nikasema. "Basi maombi inasaidia. Tuongeze."

Mume wangu akainuka ghafla akaenda jikoni. Nikasikia kitu kimeanguka, kisha nikasikia kicheko chake, kicheko ambacho sikukisikia tangu kabla ya ngazi, na Tantine Béa anamuuliza kuna nini na yeye hawezi kujibu. Kicheko hicho kilinifanyia jambo mwilini ambalo kine haikulifanya.

Papa Anselme naye alisikia. Akajipangusa kichwa kwa taulo letu.

"Bibi yangu ananikunywesha mubirizi kila asubui," akasema. "Batoto yangu ya Kinshasa banataka kuja kuniaga. Unataka nini, maman?"

"Konje yangu. Ile ulinikatalia na ile ulikula. Yote."

"Nitaona namna ya kukupa kidogo."

"Sitaki kidogo. Tena sitaki ya kunipa kisirisiri. Kesho tuende kwa Maman Georgette, weye na mimi. Useme kwa kinywa yako kama ni weye ulinituma ku ngazi, na ulijua imeoza."

Akalikunja taulo letu, akaliweka juu ya goti lake. Mvua ilikuwa inapiga mabati.

"Na misa?"

"Ukisema vile, mu parokia yetu sitaandikisha tena jina yako. Papa Neema ni shahidi."

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, macho mekundu ya kucheka. Akaitikia kwa kichwa.

Kesho yake tulikaa mbele ya Maman Georgette. Papa Anselme alisema. Alisema haraka, bila kuniangalia, kwamba alinituma kwa lazima, kwamba aliambiwa ngazi imeoza, kwamba miezi ya hospitali si konje na konje zangu zirudishwe. Nilikuwa nimengoja maneno hayo tangu siku ya simenti. Niliyasikiliza moja moja, na sitakudanganya, yalikuwa matamu.

Maman Georgette alivua miwani. Nikaona macho yake yamelegea.

"Papa Anselme," akasema, "muntu akifika ku hatua hii, anatengeneza mambo yake. Ni vizuri sana. Mungu anaona."

Papa Anselme akafungua kinywa. Akanigeukia. Mimi nilitazama chini kwa huzuni, nikashika gongo langu kwa mikono miwili. Akafunga kinywa. Maman Georgette akatia saini palepale, kisha akazunguka meza kuja kumshika mkono, akamwuliza kama anaweza kushuka ngazi mwenyewe.

Hivyo ndivyo nilivyorudishiwa konje yangu. Kama una chama cha wafanyakazi chenye meno, anzia huko. Kama mkubwa wako ni Mkristo wa benchi la mbele, umeshajua la kufanya.

Nilishuka Sange katika gari la watu, nimekaa mbele, mguu umenyooshwa juu ya mzigo wangu. Miteremko ya Ngomo ilinitingisha kila msumari ulio pajani. Kisha likaja joto, likaja jua la tambarare, na barabara ikalala. Nilikaa na Neema kabla ya siku zake kufika. Kila asubuhi nilitembea, kwanza hadi kwenye mti wa jirani, baadaye hadi mashamba ya mpunga, bila kupanda, bila kushuka. Goti lilianza kukunjika. Soli ya fundi iliisha upande mmoja, na hiyo ni habari njema, inamaanisha mtu anatembea.

Neema alizaa asubuhi, mvua imekatika. Nilimshika mgongo. Aliniuma mkono, nikamwambia auume tu. Mtoto alipotoka kulikuwa na kimya kidogo, kimya kile kile ambacho mara ya kwanza Neema alikisikiliza peke yake, na nilihisi vidole vyake vinaingia ndani ya nyama yangu. Kisha mtoto akalia. Akalia kwa hasira, ngumi zimefungwa. Neema akasema anafanana na mimi.

Siku chache baadaye nilikuwa uani namuogesha mjukuu wangu, naye mama mkwe wa Neema, Mama Riziki, anapepeta mchele. Ni mwanamke wa sala, na Neema alikuwa amemsimulia nusu tu ya habari.

"Mama Neema," akaniuliza, "na ule shefu wenu mugonjwa? Mi namuombea kila asubui. Amesha kupona?"

Nilimwaga maji polepole kwenye mgongo wa mtoto. Nilikumbuka ahadi yangu. Nilikuwa nimesema katika parokia yetu, na mume wangu alikuwa shahidi. Sange ina parokia yake.

"Bado, maman," nikasema. "Hali yake ni ile ile."

Mama Riziki akaweka ungo chini. "Masikini. Basi tumuandikishie misa hapa, ya Dimanche, siku ya Mungu."

Nikamfunga mtoto kwenye kitenge, nikampa mama yake. Nikachukua gongo langu, nikamwambia Mama Riziki twende sasa hivi kabla sekretari hajafunga. Barabara ya kwenda kanisani ni tambarare kabisa, na mguu haukuniuma hata kidogo.